Maziwa ya Kwaresima

*Jumatano ya Majivu*

Baba Abate, mkuu wa monasteri yetu, ameanguka leo, na ameanguka juu yangu. Alikuwa anatupaka majivu, mmoja mmoja kwa mstari, mimi nikiwa wa kumi na nne. Kidole gumba chake kikagusa paji langu la uso kikabaki hapo hapo. Nikangoja. Nilidhani anatafakari, maana Baba Evrard hutafakari popote, hata kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni. Kisha nusu ya uso wake ikashuka, kidole kikateleza mpaka puani kwangu, na sahani ya majivu ikatumwagikia sote wawili. Tumembeba watu wanne. Ni mwepesi mno, na wepesi huo umenitisha kuliko kuanguka kwenyewe.

*Alhamisi*

Yu hai. Mvua.

*Ijumaa*

Upande wa kulia umepooza na ulimi umekufa. Mkono wa kushoto unacheza kidogo, lakini huo ndio wenye baridi yabisi ya miaka mingi, vidole vimekunjana kama makucha ya kuku. Anatunzwa na Bovo, bruda wa kazi mwenye ndevu kama kichaka, aliyechunga kondoo wetu miaka ishirini na asiyejua herufi hata moja. Sijui nani aliona ni busara kumpa Bovo nyumba ya wagonjwa. Ananuka sufu mpaka leo.

Priori Ansold ameniita chumba cha maongezi. Yeye ndiye wa pili baada ya abate, sasa mzigo wote umemwangukia, na anatembea kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Akanikumbusha ninachokijua kuliko yeye: kitabu cha Baba, *Siku Saba*, hakijakamilika. Hotuba sita za siku za kazi ya uumbaji zimekwisha. Ya saba, ya siku ya pumziko, haijaanzwa. Kwetu mtu haandiki kitabu bila ruhusa ya Mkutano Mkuu wa Sito, makao makuu ya shirika letu, na ruhusa hiyo tuliipata Septemba kwa kubembeleza, kwa sharti kwamba Abate Gilduin wa abasia mama iliyoanzisha yetu, akija kutukagua baada ya Pasaka, akikute kizima. Kikipungua, hakiendi popote. Kitakaa kabatini mpaka panya wakimalize.

"Bruda Gosuin," akasema, "wewe ndiwe mkono wake. Itoe hiyo ya saba."

Mkono. Miaka kumi na tisa nimeandika anayoyasema Baba, na hata yeye hunitambulisha hivyo kwa wageni: huyu ni mkono wangu. Mkono hauulizwi maoni. Ndiyo maana naandika haya pembeni, kwenye vipande vya ngozi vinavyotupwa baada ya kurasa kukatwa. Najua ni kosa. Nitaliungama nikimaliza.

*Jumapili ya kwanza ya Kwaresima*

Tumegawiwa vitabu vya kusoma mpaka Pasaka. Mimi nimepewa kinene kuliko vyote, na nimemwona Priori akitabasamu.

Halafu nimekwenda kwa Baba na vibao vyangu vya nta vya kuandikia. Macho yake ni yale yale, makali, hayajaugua. Nikamwambia tunaanza hotuba ya saba, nikaketi, nikawa tayari. Akanitazama muda mrefu. Akauinua ule mkono wa kushoto kwa taabu, ukitetemeka, akaweka kidole kidogo mdomoni.

Maziwa. Sisi tunaokaa kimya kutwa huzungumza kwa mikono, na ishara hiyo hata mnovisi wa wiki moja anaijua: kidole kidogo mdomoni, kama mtoto anayenyonya. Kwaresima hatugusi maziwa, lakini mgonjwa ana ruhusa, basi nikamwambia Bovo alete. Akaleta. Baba akafumba mdomo, yakamtiririka kidevuni. Akaweka kidole tena. Bovo akaleta mengine, ya moto. Akayakataa hayo pia, na mara ya tatu akaweka kidole mdomoni mwake akinikazia macho mimi, si Bovo.

*Jumatatu*

Nimeelewa! Mtu aliyefunga maisha yake yote hawezi kulilia maziwa ya ng'ombe wiki ya kwanza ya Kwaresima. Hataki kunywa, anataka niandike. Pumziko ni mtoto aliyeshiba, amelala kifuani kwa mama yake. Hotuba ya saba ndiyo hiyo, nami nimepewa yote kwa kidole kimoja. Nimemwaga wino kwa furaha.

*Jumanne*

Mvua. Vyura wa bwawani wamerudi na hawana adabu hata wakati wa zaburi.

*Alhamisi ya wiki ya pili*

Nimemsomea Baba ukurasa wa kwanza. Nilipofika mwisho akaweka kidole mdomoni. Nikamwambia ndiyo, Baba, maziwa, nimekusikia, naendelea. Akafumba macho. Nimefurahi kwamba ameridhika.

Bovo alikuwa anamgeuza asipate vidonda. Akaniambia bila kunitazama, "Bruda, unamzungukia mzee kama nzi wa zizini. Amechoka. Muache."

Nikamjibu kwamba yeye amelea kondoo, na hili si zizi. Akacheka kidogo, akaendelea kumpaka mafuta miguuni. Amenikera siku nzima.

*Jumamosi*

Baridi. Wino umeganda. Nimeukumbatia kwapani kama yai.

*Jumatano ya wiki ya tatu*

Sasa lazima niandike jambo ambalo sijamwambia mtu.

Kidole hakisemi zaidi ya maziwa. Hakisemi mama huyo ni nani, wala nyumba ikoje, wala mtoto analala vipi. Baba angekuwa na ulimi angenipa maneno, nami ningeyabana kwenye nta kama siku zote. Hana. Basi leo, nikiwa nimekwama, nimemwandika mama yangu. Nilikuwa na miaka minne alipokufa. Nakumbuka shali yake ilivyonuka moshi na maziwa yaliyochacha, na jinsi alivyokuwa akihema nikiwa kifuani kwake, polepole, kama mtu asiye na haraka na dunia. Nimeyaandika yote hayo kwa jina la Baba Evrard. Yeye, ninavyojua, alilelewa na mjomba wake, padre mmoja mkavu.

Nilipomaliza nilikuwa nalia, na nilikuwa na njaa, na sikuweza kukaa. Nimezunguka ua wa ndani mara thelathini. Wenzangu wamedhani natubu.

*Ijumaa*

Priori amesoma kurasa nne. Alikuwa amesimama, akaketi. Akaniambia Baba hajawahi kuandika hivi, hotuba zile sita ni za mtu mwenye akili lakini hii ni ya mtu aliyependwa. Nikainamisha kichwa kama mkono unavyopaswa. Ndani nilikuwa nataka kupiga kelele kwamba ni mimi.

*Jumapili ya nne*

Priori ameagiza kurasa zisomwe mbele ya wote. Wazee wawili wamefuta macho kwa mikono ya kanzu. Mmoja akanifanyia ishara ya wema, akijipapasa taya, kisha akaonyesha kwa kidole upande wa nyumba ya wagonjwa, yaani wema ni wa yule aliyelala kule.

Wivu wa kumwonea mgonjwa! Sikujua kama nina moyo mbaya kiasi hiki.

*Jumanne*

Vyura. Mvua. Baba hakula.

*Alhamisi*

Nimemsomea ukurasa wa saba. Akaweka kidole, akakiondoa, akakiweka, akakiondoa, mara sita au saba, na machozi yakamtoka jicho lile zima. Nikasema kwa sauti ili Bovo asikie: tazama anavyoguswa. Bovo akatoka na ndoo.

*Jumapili ya tano*

Leo Baba aligeuza uso ukutani nilipoingia. Nimesoma hivyo hivyo, nikimsomea kisogo. Siwezi kuacha, Gilduin anakuja. Ila nilipotoka nilijiona kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamelala.

*Jumatano ya Juma Kuu*

Imekwisha. Kurasa kumi na moja, ngozi ya ndama, maandishi safi kuliko yote niliyowahi kuyaandika. Ni yangu, ni yake, sijui. Nimeingia kanisani nikasahau zaburi ninazozijua tangu nina miaka ishirini.

*Ijumaa Kuu*

Miguu mitupu juu ya mawe. Mkate na maji. Vyura peke yao ndio waliofurahi.

*Pasaka*

Amefufuka. Mayai, jibini, maziwa. Mpishi, ambaye wiki saba alikuwa na uso wa msiba, ametumiminia vikombe mpaka juu. Nimekunywa changu nikifikiria kurasa zangu.

*Jumanne ya Pasaka*

Naandika polepole ili niandike sawasawa.

Abate Gilduin amewasili kabla ya adhuhuri na wenzake wawili, tope mpaka magotini. Ni mtu mkubwa, mwema, ana sauti ya kuitia ng'ombe. Akaenda moja kwa moja kwa mgonjwa, Priori nyuma yake, mimi nyuma ya Priori na kitabu. Akaketi kitandani, akaanza kuzungumza kwa sauti ya juu, kana kwamba Baba amepooza masikio. Akampa habari za Sito, za daraja lililobomoka, za fulani aliyekufa na fulani aliyechaguliwa. Halafu akafungua hotuba ya saba akaanza kumsomea yeye mwenyewe, kwa ngurumo.

Baba akainua ule mkono. Akaweka kidole kidogo mdomoni.

Gilduin akasita. Akautazama ukurasa, akamtazama Baba, midomo ikamcheza, akapiga magoti pale pale na tope lake.

"Maziwa," akasema. "Ndugu zangu, mnaona? Bado anatulisha."

Priori akapiga magoti. Mimi nikapiga magoti. Na Bovo, aliyekuwa amesimama mlangoni na taulo, akacheka. Alijaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, akashindwa, akatoka nje.

Nilimfuata nikiwa na hasira za kumpiga. Nilimkuta karibu na kisima anafuta macho. Nikamuuliza kama haoni haya, kucheka mbele ya mtakatifu anayekufa.

"Simcheki yeye," akasema. "Bruda Gosuin, mzee akitaka dirisha lifunguliwe, anaonyesha kwa kidole gani?"

Nikasema sijui.

"Hujui, kwa sababu unakuja na kuondoka na vibao vyako. Kidole kidogo. Akitaka chombo cha mkojo, kidogo. Kunguru akitua pale ukutani, ananionyesha kwa hicho hicho. Vingine vimekunjana, havinyooki. Hana kingine." Akakunja ngumi yake kubwa mbele ya uso wangu, akaacha kidole kidogo tu kimesimama. "Haya. Wewe ndiye mzee. Watu wanakupigia kelele kitandani kutwa, nawe unataka kuwaambia wanyamaze. Fanya."

Nilitazama mkono wangu. Ishara ya kimya ni kidole cha shahada mdomoni. Naifanya mara hamsini kwa siku. Nikakunja vidole vyote nikabakiza kile kidogo, nikakipeleka mdomoni, na pale pale karibu na kisima nikakaa chini kwenye tope.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Mwanzoni mimi pia nilikimbilia kikombe, si unakumbuka. Nilipojua, nilikwambia umuache. Ukanirudisha kwa kondoo wangu." Hakusema kwa uchungu. Akaninyanyua kwa kwapa, kama anavyomnyanyua Baba, akanipangusa kanzu.

Wiki sita. Wiki sita mtu aliyekuwa anakufa ananiomba kwa kidole chake kimoja ninyamaze, nami namsomea zaidi.

*Jumatano*

Nimemwambia Priori kwanza. Akaziba masikio, kweli kabisa, kwa viganja viwili. Akasema nimechoka, akasema Bovo ni mchunga kondoo, akasema Baba mwenyewe hawezi kukanusha. Alipogundua alichokisema aliona aibu. Nimemwonea huruma, na miaka yote nilikuwa namwogopa.

Asubuhi hii nimesimama kwenye kikao cha makosa mbele ya Gilduin na ndugu wote, nimejilaza kifudifudi, nimesema yote: kidole, maziwa, shali ya mama yangu.

Gilduin alinichukua pembeni baadaye. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Akasema mafundisho hayana kosa, ndugu wamefaidika, na kitabu bila siku ya saba hakiwezi kusimama Sito. Akasema huenda Mungu ametumia makosa yangu. Akasema niiache hotuba ilivyo.

Kwa muda nilitaka sana kuiacha. Ni kitu pekee nilichowahi kukiandika. Kikienda Sito, watu wasionijua watakinakili miaka mia baada ya mimi kuoza, na mama yangu atakuwa anahema humo ndani. Kikibaki, hakuna. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kuficha.

"Basi kamuulize mwenyewe," akasema. "Akiikubali, inakwenda. Akiikataa, ukaifute."

*Jumatano, baadaye*

Nilikwenda bila vibao. Bovo akanipa kigoda chake, akatoka.

Baba alinitazama mikono kwanza, akaona ni mitupu isipokuwa zile kurasa. Nikamuuliza kwa sauti ndogo: "Baba, wiki hizi zote, ulikuwa unasema maziwa, au ulikuwa unaniambia ninyamaze?"

Ule upande wa mdomo ulio hai ukapanda. Naapa alikuwa anacheka. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akakinasa kidole changu cha shahada kwa makucha yake, akakikokota. Alipumzika mara mbili njiani. Nilitaka kumsaidia nikajizuia. Akakifikisha mdomoni mwangu mimi, akakibandika hapo, na akauacha mkono wake juu ya mkono wangu.

Tukakaa hivyo mpaka kengele ya saa tisa. Kurasa zilikuwa mapajani mwangu, hakuzitazama hata mara moja. Vyura walikuwa wanaimba, na kwa mara ya kwanza mwaka huu sikutaka wanyamaze. Nilisikia anavyohema, polepole. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, maana kidole kilikuwa kazini.

*Alhamisi*

Ngozi iliyoandikwa hufutwa kwa kulowekwa kwenye maziwa na pumba, kisha kusuguliwa. Nimekwenda jikoni, nikaweka kidole kidogo mdomoni. Mpishi akanionyesha kikombe. Nikatikisa kichwa, nikatanua mikono: ndoo. Akaniuliza kwa nyusi kama nimerukwa na akili. Nikafungua viganja kama kitabu. Akanielewa, akaijaza, na akaibeba yeye mwenyewe mpaka mlangoni kwangu.

Nimezitumbukiza moja moja, zote kumi na moja. Ukurasa wa mama nimeushika mwisho.

*Ijumaa*

Nasugua.

*Jumamosi*

Nasugua. Adhabu yangu: nafasi ya mwisho kanisani, mkate na maji Ijumaa tatu. Kwa mkate wa Pasaka, si mbaya.

*Jumanne*

Baba Evrard amefariki baada ya masifu ya asubuhi, Bovo upande mmoja, mimi upande mwingine. Siku hizi sita nilikwenda kila siku kukaa tu. Jana alininyooshea dirisha kwa kidole kidogo nikalifungua bila kuuliza, na Bovo akanikonyeza.

*Alhamisi*

Tumemzika, naye Gilduin ameondoka na kitabu kwenye mfuko wa nyumbu. Hotuba sita, na baada yake kichwa cha maneno, Siku ya Saba, halafu kurasa kumi na moja tupu. Nimezishona humo. Gilduin alizipekua zote, moja moja, akitafuta walau mstari. Akasema Sito watauliza kama mwandishi alilala. Akasema nimhurumie, niandike hata neno moja la kueleza.

Nikaweka kidole mdomoni, kile cha shahada, nisije nikaeleweka vibaya tena.

Akanitazama, akakifunga kitabu, na akaenda kupanda nyumbu wake bila kusema neno, mtu mwenye sauti kama ile. Bovo alikuwa amekaa kizingitini anakunywa maziwa ya asubuhi kwenye ndoo. Akanisogezea ndoo, nikakaa, tukayamaliza.